Gunia Huchomwa, Programu Huchunguliwa

Juzi, kwenye ofisi ya ushirika wetu Mbinga, karani alichoma kwa bambo, chuma cha kutolea sampuli, gunia la kahawa la mama mmoja wa Mpepai juu, katikati na chini, akang'ata na punje. Hakuona kasoro.

Kisha mtaalamu akaleta programu mpya ya mizani kwenye flashi, pamoja na barua yenye namba ndefu ya uhakiki, ya kuthibitisha kwamba programu haijachezewa. Karani akalinganisha tarakimu nne za mwanzo na zile ambazo kompyuta ilitoa ilipoisoma programu hiyo.

“Zinafanana. Weka.”

“Na zilizobaki?” mama akauliza.

“Mama, tunaokoa muda.”

“Basi mwakani, mwanangu, gunia langu nalo ulichungulie mdomoni tu.”

Hongera, karani. Kahawa yetu haina jiwe hata moja. Sasa inapimwa na mizani ambayo hakuna aliyeichoma chini.