Kipeuo cha Tatu cha Hasi Nane

Saa tatu asubuhi jenereta linaunguruma nyuma ya shule moja ya sekondari mtaani Kator, Juba. Darasani, wanafunzi arobaini na mmoja wamezizunguka kompyuta sita. Petroli iliyopo ni ya saa mbili tu.

"Leo programu yako ikikosea tena, nafunga chumba," anasema mwalimu mkuu, Celestino, ufunguo mkononi. "Petroli nitaipeleka kwenye pampu ya maji."

"Haikukosea, ustaz," anajibu Kiden Loro, 31, bila kubabaika. "Ilijibu swali ambalo hatukuuliza."

Programu ya hesabu iliyo ndani ya kompyuta hizo ni kazi ya mikono yake. Aliianza na kaka yake, Lagu, walipokuwa wakimbizi Uganda, wakarudi nayo nyumbani. Lagu aliuawa katika mapigano yaliyozuka Juba Julai mwaka jana. Kiden akaendelea peke yake.

Wiki iliyopita Teresina, wa kidato cha pili, aliiuliza kompyuta kipeuo cha tatu cha hasi nane. Daftarini alikuwa ameandika hasi mbili, na ndivyo ilivyo: hasi mbili mara hasi mbili mara hasi mbili ni hasi nane. Skrini ikaleta namba yenye herufi i ndani yake. Nalo ni jibu la kweli, la namba changamano, ila ni la watu wa chuo kikuu.

"Madam, kompyuta iko imekunywa marisa?" mmoja akauliza, akimaanisha pombe ya kienyeji, na darasa zima likaangua kicheko.

Teresina hakucheka. Alishika kifutio, akaifuta hasi mbili yake mpaka karatasi ikatoboka.

"Lile tundu ndilo lililonibadilisha," anasema Kiden. "Lagu alisema mashine isimfiche mtu kitu. Tuligombana sana juu ya hilo. Lakini anayeanza ukimmwagia yote, anatupa hata alichokuwa anakijua."

Kwa siku nne akaiandika programu upya. Sasa amri ya kawaida inatoa jibu ambalo mwanafunzi anaweza kulihakikisha kwa kalamu. Jibu la Lagu, lile lenye i, hakulifuta. Alilitengea amri yake lenyewe: kipeuo kamili.

Teresina anabonyeza. Hasi mbili.

"Madam! Mimi ilikuwa sawa!"

"Tangu wiki jana, mama. Andika tena, pembeni ya tundu."

Celestino anautia ufunguo mfukoni. "Basi. Pampu ingoje."

Kabla ya mwaka kwisha, Kiden anataka kuifikisha programu kwenye shule mbili za mtaa wa Hai Malakal. Ila kuna siku nyingine anayoisubiri.

"Teresina ataandika ile amri ya pili akiwa tayari, bila kutumwa na mtu," anasema. "Hapo ndipo atakutana na Lagu."