Binti yangu alitaka kuacha Kemia chuo cha jeshi, nikamwonyesha ulimi wangu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine salama. Mimi ni mkulima wa Ganako, Karatu, darasa la saba, hivyo mtanivumilia nikikosea kuandika. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na majina nitayataja. Nimechoka kuwastahi watu.

Binti yangu Anjelina yuko mwaka wa pili, anasoma digrii ya Kemia kwenye chuo kimoja cha jeshi. Msidhani ni kwata tu. Kwata ni alfajiri, saa mbili wako maabara na koti jeupe, miguu bado inawaka.

Likizo iliyopita alikuja amekonda. Siku ya tatu tunapukuchua mahindi akasema, "Baba, sirudi."

Ana sapu ya Kemia, yaani mtihani wa kurudia, na akifeli tena anaondolewa. Kwenye kwata wavulana hawamwachi, ila maabara ndiko anakoharibu. Anamimina kwa pupa, kipimo kinazidi, afande anamwambia mwaga, anza upya.

"Bora niache mwenyewe kuliko kufukuzwa."

Hapo akaingia mdogo wangu Gwandu, wa kwanza ninayemtaja. Ni dereva wa watalii, anazijua loji zote mpaka geti la Ngorongoro. Tayari alishamtafutia kazi ya mapokezi, aanze Jumatatu, siku ileile ya kusafiri kurudi chuoni.

"Kaka, wewe sumu ilikuacha kwa bahati. Na mtoto unampeleka kwenye sumu? Mwache akawape wageni juisi, apate tipu."

Majirani waliokuwa wanapukuchua nasi wakacheka. Mimi sikucheka.

Niwaeleze hiyo sumu. Nilikuwa kibarua wa kupiga dawa vitunguu Mang'ola, shamba la Boay. Dawa alileta Bura, mwenye duka la pembejeo. Alikuwa anaipunguza kutoka kwenye madumu na kuitia kwenye chupa za soda, haina lebo.

Kipimo chetu kilikuwa ulimi. Msicheke. Unachovya kijiti kwenye dawa uliyochanganya na maji, unagusa ncha ya ulimi. Ikiwasha, imekolea. Isipowasha, unaongeza. Mwenye ulimi mzuri anaitwa fundi, na fundi nilikuwa mimi.

Siku moja Bura akaleta dawa nyingine kwenye chupa zilezile. Haikuwasha. Nikaongeza, nikaonja. Nikaongeza tena, nikampa na mwenzangu Paskali aonje. Nilizindukia hospitali. Paskali walimzika mimi nikiwa kitandani.

Boay alifika msibani na sukari, akasema tulikuwa tumelewa. Hatukuwa tumegusa hata togwa.

Anjelina alijua nilipata sumu. Hakujua kwamba niliitia mdomoni mwenyewe. Niliona aibu.

Jumapili tukitoka kanisani nikamwita jikoni nikamwambia yote. Nikatoa ulimi, nikamwambia weka chumvi. Akaweka. Nikamwambia tangu siku ile sisikii kitu, ni kama umeniwekea mchanga.

Akauliza, "Ilikuwa dawa gani?"

"Sijui mwanangu. Daktari naye aliniuliza mimi."

Akafunika kopo la chumvi. "Na bado wanaonja?"

"Wanaonja."

Nikamwambia, wewe umepewa chombo cha kupimia tone kwa tone, na kuna mtu wa kukwambia mwaga, anza upya. Sisi hakuna aliyetuambia mwaga. Kama ni kufeli, kafelie kwenye chumba cha mtihani, siyo hapa jikoni kwangu.

Akaenda kupiga pasi gwanda.

Jumatatu Gwandu alikuja na gari, akakuta tumeshapanda basi la asubuhi. Akanipigia. "Kaka, umenidhalilisha kwa meneja."

Nikamjibu, mwambie meneja binti yuko jeshini, kama anamtaka amfuate huko.

Wiki iliyopita majibu ya sapu yametoka. Amepata C. Ni C tu wakuu, lakini mwaka wa tatu anaingia.

Nilichojifunza: miaka yote nilificha ujinga wangu nikidhani nalinda heshima ya baba. Kumbe mtoto alikuwa anauhitaji ule ujinga kuliko heshima yangu.

Boay na Bura, najua watoto wenu wanasoma humu. Wawaambie nimewataja.

Anayejua ofisi inayopokea malalamiko ya dawa zisizo na lebo aniandikie hapa chini, nauli ya kufika nitatafuta. Na mwenye kijana aliyepita Kemia kwenye vyuo vya jeshi, aniambie mwaka wa tatu ukoje. Huyu harudi nyumbani bila cheti.