Bakora ya Baba Mkwe na Kioo cha Gari Langu

Safari hii sikuipanga. Madaktari wa macho walikuwa wanamaliza kazi yao Mugumu, na mwisho wa kupokea wagonjwa ulikuwa mchana wa siku hiyo. Jicho la kushoto la baba mkwe, Mzee Marwa, lilishakufa zamani. La kulia lilikuwa limezibwa na mtoto wa jicho. Mume wangu yuko kazini Mwanza. Wa kumpeleka nikabaki mimi, mwalimu wa kutoka Lindi, na gari letu kuukuu.

Asubuhi, Tarime. Nilimwamkia nikiwa nimesimama mbali, maana ukweni kwangu mzee na mke wa mwanawe hawasogeleani ovyo. Hawapeani mkono, na kiti cha mmoja hakikaliwi na mwingine. Alipapasa mlango wa nyuma, akaketi, bakora mapajani.

"Twende, Mama Bhoke," alisema. "Utaona kwa niaba yangu."

Tulipoiacha Nyamongo, barabara ilikuwa tope tupu kwa mvua ya usiku, na kila lori lililotupita lilitumwagia sehemu yetu. Nikavuta mkono wa waipa, ule wa pembeni ya usukani, ili maji yaruke kiooni. Hayakuruka. Yalichuruzika kwenye boneti kama udenda wa mtoto, na waipa zikalisambaza tope kioo kizima. Nilishuka nikafuta kwa kitambaa. Lori lingine likapita. Nikafuta tena. Kwa mwendo ule tungefika madaktari wameshafunga.

"Kumbe gari nalo lina mtoto wa jicho?" mzee aliuliza. Nilicheka huku nataka kulia.

Tulipofika Mbalibali niliegesha pembeni, nikafungua boneti. Maji yalikuwepo tangini. Nikachomoa mpira mwembamba unaopeleka maji kwenye vitundu vya kurushia, nione kama pampu inasukuma. Lakini nani avute mkono wa waipa huku mimi nikiangalia? Barabara ilikuwa nyeupe, hakuna mtu.

"Baba, naomba ukae kwenye kiti changu uvute."

"Kiti cha mkamwana? Hapana, mama. Heri nikose jicho."

Nilikasirika, sifichi. Nikamwambia muda unakwisha na jicho analolisusa ndilo pekee alilobakiwa nalo. Kisha nikaona bakora inapenya katikati ya viti vya mbele.

"Kiti sikai," alisema. "Nielekeze."

"Kulia kidogo, baba. Juu. Umepita! Rudi. Hapo hapo, vuta!"

Kichwa cha bakora kiliunasa mkono wa waipa, na maji yakanipiga usoni kwa nguvu. Sijawahi kufurahia kulowa namna ile! Pampu ilikuwa nzima, basi ubovu ulikuwa kwenye vitundu. Ni sabuni ya unga niliyotia tangini ili kioo king'ae. Ilikuwa imegandia humo. Nilichomoa pini ya kilemba, nikazibua kitundu kimoja kimoja, nikarudisha mpira.

"Vuta, baba!"

Maji yaliruka juu, yakavuka paa. Nikavielekeza vitundu chini kidogo kwa pini ileile. Akavuta tena, na mara hii maji yakatua katikati ya kioo. Nilipiga kigelegele peke yangu barabarani. Mzee naye alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

Mugumu tuliwakuta bado wanapokea. Wakamwingiza chumba cha upasuaji.

Kesho yake walimwondolea bandeji, tukaanza kurudi. Safari ilinifundisha kwamba sabuni ya unga ni ya nguo, na kwamba mkwe wangu anaweza kukataa kiti changu na bado akanisaidia kuliko ambaye angekikalia. Mzee hakusema neno njia nzima, nikaingiwa na wasiwasi kwamba jicho halikupona.

Tulipokaribia Nyamongo aliinama mbele ghafla.

"Mama Bhoke, punguza mwendo. Kuna ndama anataka kuvuka."

Nilitazama mbele, sikuona kitu. Nikapunguza tu kwa heshima. Tulipofika kwenye kona, ndama akatoka vichakani.