Diski ya mwalimu wa Vanga iliyokubali kusomwa ikakataa kuandikwa

Wakuu, assalaam alaykum. Mimi humu huwa napita kimyakimya tu, nasoma na kuondoka. Lakini hili limenikaa kifuani. Naliandika kama lilivyokuwa, sijatia chumvi.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Ukunda. Kazi zangu nyingi ni za hoteli za Diani, mitandao na kamera.

Mwaka jana alinijia mwalimu mstaafu kutoka Vanga. Nitamwita Mwalimu Mwanaisha. Alikuwa na laptopu ameifunga kwenye leso.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hii haiwaki. Na ndani yake mna mamangu."

Mamake alikuwa amefariki majuma machache nyuma. Mwalimu alikuwa akimrekodi kwa muda mrefu: hadithi, nyimbo za harusi, majina ya samaki, yote kwa Kivumba cha kwao, ambacho wajukuu wanakielewa kidogo na kukisema hawawezi.

Ila aliyoitaka zaidi ilikuwa rekodi moja.

Siku ile mama alikuwa hoi. Mwalimu akaiwasha laptopu pembeni ya kitanda, akamwambia, "Zungumza nayo, mama, nafuata dawa Lunga Lunga narudi." Barabara ya Vanga mnaijua ilivyo mbovu. Aliporudi, mama hana sauti tena. Kulipokucha alikuwa ameshakata roho.

Kwa hiyo kuna maneno mama aliyasema peke yake chumbani, na bintiye hajayasikia.

Nikaitoa diski nikaiunga kwenye mashine yangu. Ilikuwa SSD, zile diski za kisasa zisizozunguka, na ilikuwa imejifunga: inasomeka, haiandikiki. Nyingine zikichoka hufanya hivyo zenyewe. Nikasema alhamdulillahi, maadamu inasomeka.

Nikajaribu ku-mount read-only, yaani kuifungua kwa kusoma tu. Ikakataa.

Wasio mafundi nivumilieni kidogo. Filesystem yake, yaani mfumo unaopanga faili kwenye diski, ilikuwa ext4. Hiyo kabla ya kubadilisha kitu huandika kwanza mahali panapoitwa journal kwamba nataka kufanya hivi na hivi. Kompyuta ikizimika ghafla, ikiwashwa tena humalizia kutoka pale. Sasa hata uiambie isome tu, bado inataka kumalizia kwanza. Na diski haikubali kuandikwa. Zimekwama zote mbili.

Sikuthubutu kubahatisha na diski yenye sauti ya marehemu. Nikachukua flash za kuchezea, nikaziwekea filesystem tofauti, nikazichomoa katikati ya kuandika, halafu nikazifunga zisiandikike.

FAT ilifunguka bila kelele, hata penye faili mbovu. XFS ikagoma kama ext4. Ext4 nilipoipa option ya noload, yaani achana na journal, ikafunguka. Lakini yale yaliyokuwa yakisubiri kwenye journal hayakuonekana.

Basi nikainakili diski ya Mwalimu yote jinsi ilivyo, nikafanyia kazi nakala. Noload. Hadithi zikatokea, nyimbo zikatokea!

Nikampigia simu. Akalia kwa furaha, kisha akauliza, "Na ile ya mwisho?"

Haikuwepo. Nikamwomba muda.

Nikairuhusu nakala imalizie journal yake. Faili ikatokea, jina na tarehe ya siku ile.

Ukubwa: sifuri.

Wakuu, hapo nikaelewa. Diski ilijifunga mama alipoanza kuzungumza. Jina liliwahi kuingia, sauti haikuwahi. Nikapekua nakala nzima kwa kila programu ya kuokoa faili ninayoijua, nikitafuta japo pumzi yake. Hakuna.

Mwalimu alikuja mwenyewe. Nikamweleza polepole.

"Lakini niliporudi nilikuta mistari ya sauti inacheza," akasema. "Ilikuwa ikirekodi. Sauti ilikuwa inakwenda wapi?"

"Kwenye memory ya muda, Mwalimu. Huenda ilikuwa pale, inasubiri kuandikwa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kompyuta ilipozimwa."

Akaivuta laptopu yake karibu.

"Niliizima mimi," akasema. "Nilitaka kuwapisha watu waingie kumwosha mama. Kama ningeiacha inawaka, ungeitoa?"

Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Huenda ningeitoa."

Akajifunika uso kwa mtandio. Alipoufunua akaniambia, "Hilo ungenificha, mwanangu."

Akachukua flash yenye hadithi na nyimbo, akaondoka. Binti yake Mwalimu ameniambia juzi kwamba mamake hajaifungua hata mara moja. Anasema hana haja na sauti nyingine.

Funzo langu kwenu ni hili: rekodi ya mtu umpendaye iweke pahali pawili siku ileile. Usiamini mistari inayocheza kwenye skrini. Na kompyuta ikianza kuleta error, usiizime kabla ya kuuliza.

Hayo ya diski nayajua. Nisilolijua ni hili jingine. Aliniuliza swali, nami nikamjibu ukweli, na ukweli ule haukumrudishia chochote.

Nyinyi mngemjibuje? Niambieni, hata kama ni kunilaumu.