Mama Kwenye Slaidi ya Tatu

Zoezi lilitufikia likiwa na jibu lake mkononi: "Tathmini tovuti ya kuaminika." Ni kama kuambiwa umchunguze mtu ujue kama ni mwizi, na kwenye karatasi hiyohiyo umeandikiwa kwamba ni muungwana. Ilitakiwa hotuba ya dakika tano, na slaidi, kwa ajili ya somo la mawasiliano ambalo kila mwanafunzi wa chuo chetu kidogo, kilichokaa juu ya duka la mbolea mjini, lazima alipite. Mimi nilikuwa nalirudia. Ningeanguka tena, wenzangu wangevaa majoho na mimi ningewashikia mikoba wakipigwa picha.

Mhadhiri alitupa vigezo vinne: nani ameandika, ameandika lini, ana ushahidi gani, na kama ukurasa unapendeza macho. Hicho cha mwisho ndicho alichokipenda. Tulimwita Daktari. Udaktari wenyewe alikuwa bado anausomea, lakini alikuwa ameshaanza kuitikia.

Nilichagua tovuti ya kampuni moja ya mbegu, kwa sababu nimekulia kwenye mahindi, na kwa sababu ilikuwa na kijani kibichi ambacho nilijua kingemlainisha. Aliitazama kwenye simu yangu, amesimama mlangoni.

"Safi sana. Hii inaaminika. Usibadilishe."

Slaidi nilitengenezewa na mwenzangu wa chumba, huko Kapsoya tulikopanga. Yeye anaamini kwamba neno likikaa tu kwenye ukurasa bila kuruka halitasomwa na mtu. Asubuhi ya Jumamosi tulikaa kitandani na laptopu yake, nguo zetu zikidondosha maji kwenye kamba nje, na akaikuza picha ya "mkulima aliyefanikiwa" kutoka kwenye tovuti, ya slaidi ya tatu, ili aifanye iingie ikizunguka.

"Manze, cheki huyu mathe. Amevaa kitambaa cha kanisa kwa shamba. Analima akienda ibada?"

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka. Kitambaa kile cha kichwa nilikuwa nimekipiga pasi kwa mikono yangu. Alikuwa mama yangu, mbele ya ukuta wa mahindi marefu, anatabasamu bila kufungua midomo. Chini yake palikuwa na jina la mwanamke mwingine, na eneo kame la mbali ambako mama yangu hajawahi kukanyaga, na maneno kwamba tangu apande mbegu hii maisha yake yamebadilika.

Nikampigia. Anaishi Kimumu, pembeni mwa mji huuhuu, na nyuma ya nyumba ana kishamba chake.

"Mama, kuna watu walikuja kukupiga picha?"

"Wale wa kamera? Eeh, walinipata nikitoka kanisa. Kwani nimetokea? Nimetoka vizuri?"

"Wamekupa jina lingine."

"Gani?"

Nikamsomea. Akalionja mdomoni. "Si mbaya."

"Wanasema ulipanda mbegu yao."

"Mimi? Mimi hupanda ile yangu ya kila mwaka." Sauti ikashuka. "Hata hayo mahindi si yangu. Yangu yalikuwa mafupi, wakasema hayatoshi picha. Wakanisimamisha kwa shamba la Mzee jirani na yeye hayuko. Sasa wewe msichana, usiende kusema hiyo maneno mahali. Tangu kuku zangu ziingie kwake hatusalimiani. Akisikia nilikanyaga huko, nitahama."

Kwa hiyo jina halikuwa lake, mbegu haikuwa yake, na mahindi yalikuwa ya adui yake. Cha kweli kilikuwa kitambaa.

"Komredi, nyamaza," mwenzangu alinishauri. "Daktari alishasema inaaminika. Utamwambia alikosea? Basi anza kuzoea kushika mikoba."

Nilijaribu kunyamaza. Niliandika hotuba laini kama uji, nikaisoma kwa sauti, na kila nilipofika slaidi ya tatu mama aliingia akizunguka, akasimama wima, akanitazama.

Siku ya hotuba ilipofika, nami nikafika slaidi ya tatu, mama akiwa mkubwa ukutani, maneno yalitoka yenyewe. "Huyu mkulima anaishi hapa Kimumu, jina hilo si lake, na mbegu hii hajawahi kuipanda. Tovuti hii haiaminiki." Kuhusu mahindi nilinyamaza, kwa heshima ya kuku.

Daktari alivua miwani. "Chanzo chako?"

"Ni mama yangu, Daktari. Huyo hapo."

"Mama si chanzo. Amechapishwa wapi?"

"Si ni hapo kwa ukuta!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na darasa likaangua kicheko. "Mpigie! Mpigie!"

Daktari hakuwa na pa kutokea. Nikapiga, nikaweka spika. Kulikuwa na ngurumo ya mashine. Mama alikuwa kwenye kisiagi akisaga unga.

"Mama, habari yako," Daktari alisema kwa sauti ya mtu wa redio. "Ni mwalimu wa binti yako. Hebu tuambie, kwenye ile picha ya tovuti, ulipanda mbegu yao?"

Mama alipaza sauti juu ya ngurumo.

"Eeh, mwalimu! Nilipanda! Na hayo mahindi ni yangu, yangu kabisa, kutoka mwanzo mpaka mwisho! Hata andika."

Daktari alivaa miwani tena. Sasa mama alikuwa chanzo. Alilieleza darasa kwamba mimi, ingawa nilichanganyikiwa mwishoni, ndimi mwanafunzi pekee aliyethibitisha tovuti yake kwa kumhoji mhusika moja kwa moja, na kwamba hivyo ndivyo utafiti unavyofanywa. Nikapita. Nikapita vizuri kuliko wote.

Mama alinipigia jioni.

"Mzee jirani alikuwa nyuma yangu kwa laini ya kusaga, na debe lake. Ningesema nini? Nilisaidia?"

"Nimepita, Mama."

"Asante Yesu. Sasa hiyo picha uniletee, ya kuweka kwa ukuta. Hilo jina ulikate." Akafikiri. "Na hayo mahindi pia uyakate. Bakisha mimi na kitambaa."