Sahani Isirudi Tupu

Vijana wa filamu walipokuja kuomba nyumba yetu ya Mji Mkongwe, mama alikubali kabla hawajamaliza kusalimu. Hadithi yao ilikuwa ya baba aliyeachishwa kazi hotelini, na familia inayofunga Ramadhani bila kujua itafuturu nini. Katika kipande cha mwisho, jirani anaingia uani na sahani ya mihogo ya nazi. Familia inakula, inalia kidogo, kisha binti anairudisha sahani. Basi, filamu imekwisha.

"Tupu?" mama akauliza kutoka jikoni walipokuwa wakirekodi kipande hicho.

Kijana mwongozaji akamweleza kwa adabu. "Hawana kitu, bi mkubwa. Ndo filamu yenyewe."

"Hawana unga, wala sukari ya kutia sahanini. Kwani na adabu hawana?" Mama alishatoka, upawa mkononi. "Mtaa mzima wanaujua mlango wangu. Watasema nyumba hii ndo inayorejesha sahani tupu."

Niliona haya mpaka nikaangalia dari. Mama akishashika lake, hata kadhi hamwezi. Mwongozaji akauliza, sasa watu wasio na kitu watatia nini?  Mama alikwenda kwenye kopo la asumini pale uani, akachuma ukufi mmoja, akayapanga maua sahanini taratibu. Wakarekodi upya.

Ndipo nami nilipoelewa. Mwaka ule baba aliporudi kutoka hotelini Kendwa bila kazi, sahani za jirani yetu wa mlango wa pili zilikuwa zikirudi kwake na asumini. Nilidhani mama anapenda maua tu. Nilimpenda zaidi siku hiyo, ingawa sikumwambia, maana angeniuliza ninataka nini.

Filamu ilipotoka tukaenda kuitazama kwa jirani huyo huyo. Mama alikaa mbele kama mama wa bibi harusi, akila kaimati na kuwanyamazisha watu. Sahani ilipotokea na maua yake, alinigeukia kuhakikisha nimeona.

Jirani alingoja mpaka muziki wa mwisho ukaisha.

"Yale maua yako nlikuwa nnayatia chini ya mto," akamwambia mama. "Nnalala nayo."

Mama aliweka kikombe chini. "Na mie nlikuwa nnaona haya kuyaleta."

"Haya ya nini? Sukari nlikuwa nayo."