Kisu Changu na Okidi ya Nyambeki

Nilipokuwa na nguvu zangu, hakuna mtu upande wote wa Boito, huko Kericho, aliyeweza kupogoa chai akanishinda mimi Arasa. Sisemi hivi kujisifu. Nasema ili ujue ugonjwa wangu ulianzia wapi. Mpogoaji hufundishwa jambo moja, kwamba mmea ukiachwa ujiendee utapotea. Mchai usiokatwa hurefuka ovyo, hutoa maua na mbegu, na mchai wenye maua ni aibu kwa nyapara wake, maana nguvu yote imekwenda mahali pasipo na majani. Kwa hiyo kila baada ya miaka mitatu tuliushukia kwa visu, tukaukata hadi usawa wa magoti, nao ukachipua upya. Nilifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili. Kufikia mwisho niliamini kwamba hata Mungu, kama angepata kisu kizuri, angekuwa mwenzetu.

Shida ni kwamba kazi ilinifuata nyumbani. Hapo kwenye laini, safu ya nyumba za wafanyakazi, nilipogoa michongoma ya uani, nikapogoa sukuma wiki, nikapogoa na mti wa jirani uliochungulia upande wetu. Mke wangu Nyambeki alikuwa akinionya kwamba siku moja nitaamka nijikute sina masikio. Nilicheka. Nyani haoni kundule.

Okidi yenyewe aliileta Nyambeki, mwaka wa 1968. Msitu ulikuwa unafyekwa ili chai ipandwe, na wanawake waliruhusiwa kuokota kuni. Alirudi na tawi ambalo hakutaka kulichoma. Juu ya gome lake kulishikamana mmea mdogo wenye majani mazito, na chini ya majani kulining'inia kikonyo kilichobeba maua meupe, kila ua na mkia wake mrefu mwembamba. Jioni maua yale yalitoa harufu nzuri mpaka jirani akauliza tumenunua sabuni gani. Nyambeki alikaa kizingitini akiyatazama. Tangu tuoane sikuwa nimemwona akikaa bila kazi mikononi, na nakiri kwamba nilimwonea wivu ule mmea.

Maua yalipokauka nilimwambia aniachie mimi, mtaalamu. Niliung'oa mmea kutoka kwenye tawi, nikaupanda kwenye debe la udongo mzuri wa kitaluni, nikautia na konzi ya mbolea. Kabla ya mwezi kwisha ulikuwa wa manjano. Amolo, aliyetunza bustani ya meneja, alipita akauona, akacheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Ndiye aliyetupa jina la okidi. Alisema mmea ule hautaki udongo. Hukaa juu ya mti, mizizi ikining'inia hewani ikinywa ukungu, na ukungu ni kitu tulichokuwa nacho cha kugawa. Nyambeki akaufunga tena kwenye kipande cha mzeituni, akautundika chini ya paa, akaniambia nisiuguse.

Niliugusa. Sikuweza kuvumilia ile mizizi iliyotapakaa kila upande bila mpango. Mke wangu akienda mtoni, nami huchomoa kisu changu kidogo cha mfukoni nikaisawazisha. Samaki mkunje angali mbichi, nilijiambia. Miaka mitatu ikapita, okidi ikapata nafuu, ikaongeza majani, lakini haikutoa hata ua moja. Nyambeki alidhani inalilia msitu wake. Mimi nilitikisa kichwa pamoja naye, nikashangaa kweli kweli.

Mwezi wa nne mwaka wa 1971 nilikata mpasheni wake, mmea wa matunda ya pasheni. Alikuwa ameupanda kando ya jiko, ameupandisha juu ya kamba, na ulikuwa umeanza kuchanua kwa mara ya kwanza. Nilitoka kazini nikauona umejaa maua, na wewe sasa unajua mchai wenye maua ulimaanisha nini kwangu. Aliporudi kutoka sokoni alikuta kisiki kilichofika kwenye goti. Kama ningesema pole, mambo yangeishia hapo. Badala yake nilimweleza, kwa sauti ya mkutano, faida za kupogoa.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaingia ndani akafunga nguo zake. Mabinti wetu wawili, Bitutu na mdogo wake, walikuwa wameshaolewa, kwa hiyo hapakuwa na wa kumzuia. Alisema anakwenda kwa kaka yake Ongeri, upande wa Keroka.

"Nitarudi okidi ikitoa maua," alisema. "Ukiweza kuacha kitu kimoja tu kikue, nitajua nina mume."

Mwezi wa sita nilimfuata na sukari na majani ya chai kwa ajili ya shemeji. Nyambeki aliniuliza kama imetoa maua. Nikasema bado. Alinipa uji, akanisindikiza hadi barabarani, akarudi zake. Siku hiyo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba mke akinuna hununa kama mvua ya Kericho, yaani hata ikinyesha kila alasiri hukatika yenyewe. Huyu hakuwa amenuna. Alikuwa ametoa neno lake.

Basi nikaanza kuitunza okidi ile kuliko nilivyowatunza mabinti wangu. Asubuhi niliinyunyizia maji ya mvua. Jua likikaza niliihamisha upande wa pili wa nyumba. Niliifuta majani kwa kitambaa, nikaisomea Zaburi siku za Sabato. Na kwa sababu nilitaka Nyambeki aikute nadhifu, kila nilipoona chini ya majani kimzizi kipya kimejitokeza kwa ukaidi, nilikiondoa kwa kisu, polepole, kwa mapenzi. Wanaume wenzangu kazini waliniita Bwana Harusi. Nilikula ugali wa kuungua na mboga zisizo na chumvi, nikafua mashati yangu mwenyewe mpaka kola zikakosa umbo.

Aliyenifumbua macho ni Cherotich, mke wa mkulima jirani mpakani mwa shamba, aliyetuletea maziwa kila asubuhi. Ilikuwa mwezi wa kumi. Alinikuta juu ya kigoda, ulimi nje, nakikata kimzizi. Aliweka chini mkebe wa maziwa akauliza ninafanya nini. Nikamweleza kwamba nasafisha mizizi.

"Hiyo si misisi, Baba Bitutu," alisema. "Hiyo ndiyo maua yake. Mimi nimechunga ng'ombe chini ya hii kitu tangu nikiwa mtoto. Sasa kama unakata kila siku, maua itatoka wapi?"

Nilibisha. Mimi ni mtu wa miaka ishirini kazini, siwezi kufundishwa mmea na mwuza maziwa. Alichukua kile nilichokikata akakiweka kiganjani pangu. Mzizi una ncha laini ya kijani isiyo na kitu. Hiki kilikuwa na vifundo vidogo vidogo, na kwenye kila kifundo kulilala punje ya ua, ndogo kuliko mbegu ya wimbi. Nilikaa juu ya kigoda. Tangu Nyambeki aondoke nilikuwa nimekata saba. Mara saba mke wangu alikuwa ameanza safari ya kurudi nyumbani, na mara saba nilimkata njiani kwa mkono wangu mwenyewe.

Sikwenda kazini siku hiyo. Niliwaambia nina homa, na haikuwa uongo mkubwa.

Nilimpa Cherotich kisu kile cha mfukoni akae nacho. Kuanzia hapo niliitazama okidi mikono ikiwa nyuma, kama mfungwa. Mvua za mwisho wa mwaka zikapita bila kitu. Krismasi nikaila peke yangu. Ilipofika mwezi wa tano mwaka uliofuata, kikonyo kimoja kikachungulia chini ya majani, kikashuka, kikaanza kuvimba kwenye vifundo. Vitumba kumi na kimoja. Nilivihesabu kila asubuhi na kila jioni, na sikuwa na mtu wa kumwambia isipokuwa Cherotich, ambaye alichoka nami.

Halafu siku moja kitumba cha mwisho kabisa, kule nchani, kikaonekana kimepauka kidogo. Nilikuwa nakiangalia tu, naapa. Nilipozinduka nilikuwa nimeshika mkasi wa kushonea wa Nyambeki, umeshafunguka, inchi moja kutoka kwenye kikonyo. Sijui niliutoa wapi, wala sijui nilifikaje pale. Niliutupa mkasi majanini nikaingia ndani nikajifungia mlango. Hapo nilijua kwamba katika dunia hii okidi ile ilikuwa na adui mmoja tu, na kwa bahati mbaya ndiye mlinzi wake.

Kesho yake niliomba ruhusa ya siku tano. Niliizungushia okidi gunia lenye unyevu, nikapanda basi la Keroka nimeipakata, kila mtu akiuliza mtoto ana miezi mingapi. Nyambeki nilimkuta katika pareto ya Ongeri akichuma maua. Alisimama, akatazama gunia.

"Imetoa maua?"

"Bado," nikasema. "Nimeileta kwako kwa sababu ikibaki kwangu nitaikata. Nimeshakata saba, nikidhani ni mizizi. Na ule mpasheni, mama, nilikukosea."

Alifungua gunia pole pole. Alipitisha kidole kwenye makovu chini ya majani, moja baada ya jingine, mpaka yakatimia saba. Kisha akamwita wifi yake aje asikie, nami ikanibidi nirudie kila kitu mbele ya mtu wa pili, na Ongeri alipotokea, mbele ya wa tatu. Ndugu zangu, walicheka. Nyambeki alicheka akishika mbavu, machozi yakimtoka, na mimi niliyesimama pale na gunia tupu nilifurahi kuliko siku ya mahari.

Lakini neno lake halikubadilika. Alisema yeye alitaja maua, na hivi ni vitumba. Nilikaa siku nne kwa shemeji nikivitazama kwa mbali, kwa sababu walinikataza kusogea. Havikufunguka. Ruhusa ikaisha, nikarudi Boito mikono mitupu, sasa sina mke wala okidi.

Wiki tatu na siku mbili nilisubiri. Jumapili moja alasiri mlango ukasukumwa, akaingia Nyambeki na mzigo wake kichwani na kile kipande cha mzeituni kwapani. Niliruka nikatazama. Kikonyo kilikuwa kikavu, cha rangi ya nyasi, na hakikuwa na hata ua moja. Nilimwuliza kama vitumba viliharibika.

"Vilifunguka vyote kumi na kimoja," alisema. "Siku ya pili baada ya wewe kuondoka. Watu walitoka ng'ambo ya mto kuja kunusa."

Mwaka mzima na zaidi nimelala peke yangu kwa ajili ya maua yale, na kijiji cha Ongeri kizima kimeyaona ila mimi. Nikamwuliza kwa nini basi hakuja nayo yakiwa bado yamechanua.

Aliutua mzigo, akanyoosha mgongo. "Nilitaka kuyaona yakianguka yenyewe," alisema. "Miaka yote niliyokaa nawe, Baba Bitutu, sijawahi kuona kitu kikiachwa kifike mwisho wake."

Nilichukua debe nikaenda kuteka maji, maana ndani hamkuwa na hata tone, na mgeni alikuwa amechoka.